Ukuta wa Kufika Goti

Malili,
Jumapili, baada ya ibada

Kioko,

Nimetoka kanisani kabla ya wimbo wa mwisho. Uliniona nikiondoka, na labda ulifikiri kichwa kinaniuma. Kichwa ni kizima. Niliondoka kwa sababu mchungaji aliwaambia waumini wakunyooshee mikono, akakuombea umalize kazi kabla ya mvua, kanisa lote likaitikia amina, na nikaona nikibaki pale nitasimama niseme hapana kwa sauti. Mwanamke wa umri wangu akipinga maombi ya mwanawe mbele ya watu, atawekewa mikono yeye. Kwa hivyo nimekuja nyumbani, nimeketi hapa mezani, na nakuandikia nikiwa na hasira. Sitaki kuingoja itulie. Nimezingoja hasira nyingi zitulie katika maisha yangu, na kila ilipotulia nilijikuta nimenyamaza.

Sitakuandikia habari za chakula na nguo na kupiga simu kila jioni. Una miaka ishirini na saba. Ukilala njaa huko Ikutha unakokwenda kazini ni shauri yako.

Kinachonifanya nikuandikie ni ile karatasi uliyoitandaza jana hapa mezani ukasogeza sahani zangu pembeni. Kila wiki ilikuwa na rangi yake. Mwezi wa saba mnachimba msingi mtoni hadi kwenye mwamba. Mwezi wa nane mawe na saruji. Mwisho wa mwezi wa tisa ukuta umekamilika kutoka ukingo hadi ukingo, na urefu wote wa kwenda juu. Mwezi wa kumi wageni wanakuja kuzindua, pampu ya sola inawashwa, na mipira ya kumwagilia kwa matone imeshatandazwa kwenye shamba la kina mama, tayari kwa tikiti na nyanya. Ulikuwa unanionyesha kwa kidole kama mtoto anayeonyesha ripoti ya shule, na nilitaka kufurahi. Nakuapia nilitaka.

Nikakuuliza, "Huo ukuta mtaujenga mara ngapi?"

"Mara moja, Mum."

"Urefu wote mara moja?"

"Najua unataka kusema nini. Hatua kwa hatua, mvua kwa mvua. Hiyo tulifundishwa mwaka wa pili. Lakini mradi ni wa mwaka mmoja. Mvua haina ratiba, wafadhili wako nayo."

Ukacheka. Ukachukua chapati ya pili.

Kama ungekuwa hujui, ningekufundisha na mambo yakaisha. Lakini unajua. Unajua kwamba ukuta kwenye mto wa mchanga unainuliwa kidogo, unangojewa mafuriko ya msimu yaujaze mchanga mzito nyuma yake huku yakiruka juu yake na tope lao jepesi, ndipo unainuliwa tena. Unajua kwamba ukiuinua wote kwa mkupuo mmoja, maji yanasimama nyuma yake kama ziwa, na maji yaliyosimama yanaangusha kila kitu, hasa tope. Unajua, na umeweka sahihi. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, kwa sababu nilimtambua mtu niliyekuwa nikimtazama. Alikuwa mimi.

Umekua ukisikia kwamba tulihama Ikutha kwa sababu ya ukame. Nimelisema hilo kwa majirani, kwa walimu wako, kwa mchungaji, na mara moja kwa kijana aliyekuja na fomu ya utafiti kuuliza familia zilizohamishwa na mabadiliko ya tabianchi. Alifurahi sana kunipata. Aliandika kila neno. Ukame ulikuwepo, sikatai, lakini majirani zetu walikaa nao na bado wako kule. Sisi tulihamishwa na uongo wangu. Marehemu baba yako aliujua nusu. Wewe utaujua wote leo.

Mama yangu alinifundisha kuchimba maji mtoni nikiwa na miaka sita. Mto wetu wa Kavuti, huo huo mnaokwenda kuujengea na ambao umeuona kwenye ramani tu, huonyesha maji siku chache kwa mwaka. Siku nyingine zote ni njia pana nyeupe inayopitwa na ng'ombe. Mgeni akiuona anasema umekufa. Mama alikuwa anatembea juu yake bila viatu, anasimama, anarudi hatua mbili, anasema, "Hapa." Tulichimba kwa bakuli la bati hadi kiwiko, wakati wa shida hadi begani, na maji yakaanza kuingia taratibu kutoka pande zote, baridi na safi kuliko haya ya Malili tunayonunua. Ukichota kwa pupa kisima kinabomoka. Ukichota kidogo ukapumzika, kinajaa tena. Jioni tulikifunika kwa matawi ya miiba, mbuzi wasikichafue.

Siku moja alinijaza mchanga mkono mmoja na tope mkono mwingine, vyote vikiwa vimelowa, akaniambia nikaze ngumi. Mchanga ulitoa maji yakatiririka hadi kwenye kiwiko. Tope halikutoa kitu. Hakuniambia neno lingine. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa, na hakuna chuo kilichoniongezea jambo la maana juu ya hilo.

Nilipofika miaka thelathini na moja nilikuwa mwalimu wa darasa la saba na katibu wa mwethya wetu. Kwenye karatasi yako neno hilo halimo. Mmeandika "nguvu kazi ya jamii". Mwethya ni majirani wanaokutana siku mbili kwa wiki, leo shambani kwa huyu, kesho kwa yule, na yule mgonjwa analimiwa bila kuomba. Tulikuwa wanawake wengi na wanaume wachache, na mwanamume mmoja aliyejua mawe kuliko sisi wote, mzee Nzioka. Alikuwa fundi. Hakwenda shule hata siku moja. Shamba lake lilikuwa upande wa kushoto wa mto, limekatwa matuta hadi chini, na pale chini alikuwa na ndizi na miwa ambayo watoto wangu wa shule waliiba kila Ijumaa naye akajifanya haoni.

Shirika moja lilitupatia saruji na kijitabu. Saruji ilikuja kwa lori, kijitabu kilikuja kwangu, kwa sababu kilikuwa cha Kiingereza na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu. Nilikisoma usiku mmoja nikakimaliza. Kilikuwa kizuri, Kioko. Kilikuwa na maneno machache na picha safi, na sehemu ile ya katikati ilikuwa na picha ya ukuta wenye mistari mitatu, mmoja juu ya mwingine, na maelezo kwamba mstari wa kwanza ujengwe msimu wa kwanza, wa pili ufuate mchanga ukishafika pale, na wa tatu vivyo hivyo. Nilipiga mstari kwa penseli chini ya maneno hayo. Sikuyakosa.

Kisha tukaambiwa kuna mgeni mkubwa atakayekuja kufungua ukuta. Tarehe ilikuwa imepangwa. Nilipewa kazi ya kuandaa kwaya ya shule na kuandika risala, na mwalimu mkuu akanidokezea kwamba mgeni huyo akifurahi, shule inaweza kupata darasa jipya, na labda mimi nikakumbukwa. Nilianza kuota nikiwa naibu wa mwalimu mkuu. Sikumwambia mtu.

Siku ninayotaka uione ilikuwa Jumanne. Msingi ulikuwa umekamilika na mstari wa wanawake ulikuwa unapitisha mawe mkono kwa mkono kutoka mlimani hadi mtoni, wakiimba. Mzee Nzioka alikuja akiwa amejifunga uzi wa manila kwenye mguu, hapa, chini kidogo ya goti. Akapanda juu ya msingi, akasimama.

"Tukifika hapa kwa uzi," akasema, "tunaweka mawe chini, tunaenda nyumbani, tunangoja mvua."

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Nzioka! Huo ukuta ni wa maji ama ni wa kuzuia kuku?"

"Ni wa mchanga," akasema. "Mchanga ukipanda hapa, tunaongeza."

Na mimi, mwalimu, mwenye kijitabu mkononi, nikasema kwa sauti ya darasani, "Mzee, wageni watoke Nairobi mpaka hapa waje waone goti lako?"

Walicheka hadi mstari wa mawe ukasimama. Naye akatabasamu, kwa sababu alikuwa mtu mwema, akangoja wanyamaze, kisha akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mimi sijui kusoma. Hebu fungua hicho kitabu. Kikisema mimi ni mjinga, nitafungua huu uzi."

Nilikifungua. Kilifunguka palepale penye mstari wangu wa penseli. Watu wote walikuwa wakinitazama, na picha ile ilikuwa wazi, mistari mitatu ambayo hata mtu asiyejua a wala be angeielewa. Nikaweka kidole gumba juu yake. Nikasoma kwa Kikamba sentensi ya chini ya ukurasa, ile inayosema kwamba ukuta lazima uwe imara na ukae juu ya mwamba. Kila neno nililosoma lilikuwa la kweli. Nikafunga kitabu.

Mzee Nzioka akainama, akafungua uzi.

Tulijenga urefu wote kwa wiki tano. Mgeni alikuja, mbuzi wakachinjwa, kwaya yangu ikaimba, risala yangu ikapigiwa makofi. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ilipokuja ziwa likajaa nyuma ya ukuta, kubwa, la rangi ya chai ya maziwa, na watu walitoka mbali kulitazama. Hata mimi nilijisahau. Nilijiambia vitabu navyo huzidisha tahadhari.

Ziwa lilikauka kufikia mwezi wa pili. Wanawake walishuka na majembe kuchimba maji, wakachimba hadi kiuno. Lilikuwa tope, Kioko, tope tupu lililopasuka juu kama ngozi ya kisigino, na chini yake tope zaidi. Walikaza ngumi. Hakikutoka kitu. Kabla ya ukuta wetu, mahali palepale palikuwa na visima vya mchanga vya kutosheleza nyumba zote za kijiji hadi mwezi wa tisa. Tulikuwa tumevizika.

Mafuriko ya msimu uliofuata yakalikuta bwawa limejaa tope hadi ukingoni. Hayakuwa na mahali pa kwenda. Yakazunguka ukuta upande wa kushoto, na kwa usiku mmoja yakala ukingo, yakala ndizi na miwa, yakapanda tuta baada ya tuta. Hakuna aliyekufa. Asubuhi shamba la mzee Nzioka lilikuwa ndio mto. Ukuta wenyewe haukutikisika. Nasikia upo hadi leo, umesimama mahali pakavu na mto unapita pembeni yake. Uko imara na umekaa juu ya mwamba, kama nilivyosoma.

Alikuja nyumbani kwangu wiki ile. Hakuja kulaumu. Alikataa kiti, akasimama mlangoni akauliza, "Mwalimu, kile kitabu kilisema nini?"

Nikamwambia kimepotea. Alipoondoka nilikitia jikoni kwenye moto. Mwezi uliofuata niliomba uhamisho, nikaletwa huku Makueni, na nikaanza kusema ukame.

Sasa unajua.

Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hasira yangu ina pande mbili na sitaki uzichanganye. Mvua imebadilika. Mimi si mmoja wa wale wazee wanaokana. Unaiona ile kalenda ya jikoni ninayoitia alama kila siku ikinyesha, na kopo lililo juu ya nguzo ya ua. Alama zinapungua mwaka baada ya mwaka, lakini kopo linajaa kwa haraka kuliko zamani. Mvua ya msimu mzima inataka kuja kwa wiki moja, ikiwa na ghadhabu, juu ya milima iliyokatwa miti ya makaa. Inabeba udongo ambao zamani haukubebwa. Kwa hiyo kosa nililolifanya mimi, mwaka huu litakuwa kubwa zaidi. Tope litakuwa jingi zaidi. Na unachotaka kukifanya wewe ni kuchukua anga iliyobadilika na kuiongezea ratiba isiyobadilika. Kisha ukuta ukijaa tope, mtaandika kwenye ripoti kwamba hali ya hewa haikutarajiwa, na kijana mwingine atakuja na fomu kuhesabu waliohama. Hilo ndilo linalonichemsha. Tumepata jina kubwa la kufichia uvivu wetu wa kungoja.

Na ile pampu. Uliniambia itavuta maji mchana kutwa bila mafuta, bila kelele, ukasema hilo kama jambo zuri tu. Tulipofika Malili nilijifanya mkulima wa kisasa. Nilichimbiwa kisima, nikapanda sukuma mistari kumi na miwili, nikaimwagilia asubuhi na jioni. Maji ya hapa yana chumvi, sikuyapima. Majani yalipoanza kuungua kingoni nilidhani ni kiu, nikaongeza maji. Kadiri yalivyoungua ndivyo nilivyozidisha, hadi udongo ukawa mweupe juu kama uliomwagiwa unga. Pale nyuma ya choo ambapo huwa unaniuliza kwa nini hapaoti kitu, ndipo pale. Mama yangu alichota kwa mkono, na mkono ulipochoka kisima kilipumzika. Pampu haichoki, na tikiti halijui kusema limetosheka. Ukiwapa wanawake wale ekari tatu za tikiti mwaka wa kwanza, juu ya mchanga ambao haujafika, watanyonya hata maji ya walio upande wa chini wa mto, na watakaogombana si ninyi mlioleta pampu. Ni mama mwenye tikiti na mama mwenye mtungi mtupu.

Najua utakachosema. Najua umekaa nyumbani miaka miwili na diploma yako, ukiosha malori ya watu hapo barabarani, ukirudi na viatu vimelowa huku wenzako wakipita na magari ya kazi wakikupungia mkono. Najua ukikataa kujenga urefu wote wataleta mwingine ambaye hatakataa. Nilikuona siku ulipopigiwa simu ya kazi hii. Ulitoka nje ukasimama nyuma ya tangi ili nisikuone ukilia. Sijasahau. Mama yeyote angefunga mdomo akuache uende ukale mshahara wako.

Sikufunga.

Jana ulipokwenda kunyoa nilimpigia simu Kanini, binti ya mzee Nzioka. Namba nilipewa na yule mama wa Ikutha anayeuza ndengu sokoni. Kanini sasa ndiye mwenyekiti wa mwethya, kwa hiyo ndiye utakayefanya kazi naye.

"Ni nani?" akauliza.

"Ni Mwalimu Mbithe. Wa shule ya Kavuti."

"Mwalimu Mbithe alikufa."

"Sijafa."

"Sisi tulisema umekufa. Ama miaka yote hii ulikuwa unatafuta netiwaki?"

Nilistahili. Nikamwambia yote, moja kwa moja bila kupumua, kitabu, mstari wa penseli, mgeni, unaibu ambao sikuupata, kidole gumba. Nilimwambia vile nilivyodanganya mlangoni na vile nilivyokichoma kitabu.

"Baba alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Picha. Alikuwa amesimama juu ya msingi, mwalimu, na wewe ulikuwa chini. Aliiona kabla hujaifunika. Mistari mitatu. Alituambia nyumbani jioni hiyo hiyo."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema mbele ya watu. Kwa nini alifungua uzi.

"Aseme nini? Yeye ako na macho, wewe uko na kitabu. Nani angeaminiwa?" Akaendelea, "Alikuja kwako akupatie nafasi useme mwenyewe. Ukamwambia kimepotea. Alirudi akasema, mwalimu bado ni mgonjwa, tumwache."

Mzee yule alifariki miaka kumi na miwili iliyopita, katika chumba cha nyuma kwa mkwe wake, yeye ambaye zamani alikuwa na matuta yake mwenyewe. Sikwenda mazishini. Nilituma rambirambi kwa mkono wa mtu.

Kanini aliniuliza, "Huyu fundi kijana wanaleta, wanasema anatoka Malili. Ni wako?"

"Ni wangu."

"Na yeye amesoma?"

"Amesoma."

"Basi tuko na shida."

Nikamwambia lililonifanya nipige simu, kwamba wasibebe hata jiwe moja kupita goti mpaka mvua inyeshe na mchanga ufike. Alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mwalimu, hiyo unafikiri hatujui? Kila mtoto wa Kavuti anajua. Shida ni wakija na karatasi, sisi hatuna karatasi. Tukikataa wanasema hatutaki maendeleo, wanapeleka saruji kwa wengine. Tulishaambiwa hivyo mwezi jana."

Kwa hiyo elewa mahali unapokwenda. Watu hao wanajua kama unavyojua wewe, na wanaogopa kama unavyoogopa wewe. Mtakutana pale mtoni, wote mkijua, kila mmoja akingoja mwingine aseme. Hivyo ndivyo kuta za tope zinavyojengwa. Mtu mmoja anashika kitabu na wengine wanafungua uzi.

Sikuambii uache kazi. Jenga msingi hadi mwamba, ingiza mabawa ya ukuta, zile ncha zake mbili, ndani sana ya kingo, kuliko mchoro unavyotaka, fika gotini, simama. Waambie wanaokulipa waje mwezi wa kumi waone goti. Saruji inayobaki ifungiwe stoo ya shule chini ya ufunguo wa Kanini, na mikono iliyobaki ikakate matuta mlimani, ili udongo ubaki kwa wenyewe. Bustani ziwe ndogo, za kumwagiliwa kwa ndoo, mpaka mchanga wenyewe uonyeshe unaweza kulisha kiasi gani. Andika hivyo kwenye ripoti, kwa maneno yako, na utie sahihi ile ile. Huenda wakakufukuza. Huenda mtu mmoja ofisini akasoma na kuaibika, na akaongeza mwaka. Sijui. Ningekuwa nakudanganya nikisema wema hulipwa. Nafahamu tu kile ambacho ukimya hulipa, maana nimekuwa nikipokea malipo yake tangu kabla hujazaliwa.

Na bado umekasirika, najua. Unasoma hapa ukisema, mama amenichomea, amewaambia watu wa kazi yangu siri ya nyumbani kabla sijafika. Ndiyo. Nimekuchomea. Afadhali uoshe malori hadi uzeeke, uingie humu ndani kila jioni na viatu vilivyolowa, kuliko uwe mzee mwenye adabu na vitabu kama mimi, asiyeweza kukanyaga mahali alipozaliwa.

Kuna neno moja la mwisho alilosema Kanini. Nilimwomba radhi. Nilimwambia, "Nisamehe, kwa niaba ya baba yako." Akaniambia, "Hiyo usinipatie kwa simu. Jumatano tuko na mkutano, pale mtoni, saa nne. Uko na miguu? Kuja useme mbele ya watu, kwa Kikamba, vile ulisoma siku ile. Lakini safari hii usome yote."

Kwa hiyo, Kioko, hatuagani kesho. Nimeshafungasha. Gari ni saa kumi na mbili asubuhi na nimelipa viti viwili. Soma barua hii leo uimalize, kwa sababu njiani sitaki tuijadili. Utakuwa unanibembeleza nibadili maneno, na mimi naweza kubadilika, najijua. Nitalala kwa Kanini kama atanifungulia mlango. Alhamisi nitarudi.

Jumatano nitasimama niseme nilichosoma na nilichofunika. Itanichukua dakika kumi. Nikimaliza, watu wote watakugeukia wewe, na karatasi yako ya rangi, na Kanini atakuuliza utajenga mara ngapi. Hapo sitafungua mdomo. Nitakwenda kuketi nyuma, na wale wanaobeba mawe, nisikie utawajibu nini.

Mama yako,
Mbithe